Mama wa Kuhani Mkuu Yuko Hebroni

Watu wa Yerusalemu walimsikia Yekamia kabla ya kumwona. Joho lake la kazi lilishonwa njuga za dhahabu kwenye pindo, na zilipolia katika ua wa Hekalu watu walisogea pembeni na kuinamisha vichwa. Aliyekuwa anacheka aliacha kucheka. Aliyekuwa anagombana na muuza njiwa alinyamaza, akauendeleza ugomvi wake Kuhani Mkuu akishapita. Yekamia alikuwa mtu wa soga tangu utotoni, lakini tangu siku alipomiminiwa mafuta kichwani hakuwahi kusikia mwisho wa soga yoyote.

Jina lake nalo lilipotea siku hiyohiyo. Makuhani wadogo walimwita Kuhani, mfalme alimwita Kuhani, na hata Naara, mkewe, mwanamke mpole aliyetoka katika ukoo wenye heshima zake, alimwita Kuhani wakiwa wawili tu chumbani. Yekamia aliwahi kumwomba amwite kwa jina. Naara alijaribu mara moja, akaona haya mpaka machozi yakamlengalenga, naye Yekamia akamwambia basi, yaishe.

Mtu aliyekuwa bado anamwita Yekamia ni mmoja tu, mama yake mzazi, Zibia. Na Zibia alikuwa hakai Yerusalemu.

Asubuhi moja, wakati wa mavuno ya shayiri, Yekamia alitoka kufukiza uvumba akamkuta Hasadia anamngoja mlangoni. Hasadia alikuwa naibu wake, mtu mfupi mwenye haraka, anayejua sheria za unajisi kuliko anavyowajua watoto wake. Kazi yake kubwa ilikuwa kuhakikisha Kuhani Mkuu hagusi, hagusani, wala haguswi na kitu kisichofaa. Siku hiyo alikuwa anavutavuta ndevu zake, na Hasadia hakuwa na tabia ya kuvuta ndevu.

"Kuhani, kuna habari kutoka Hebroni," alisema. "Mama amezidiwa. Mlawi mmoja ndiye aliyeileta."

"Yuko wapi huyo Mlawi?"

"Amesharudi." Hasadia alitazama miguu yake. "Alikuja jana jioni."

"Jana jioni. Na wewe ulikuwa wapi jana jioni?"

"Nilikuwepo. Lakini ulikuwa na uvumba wa asubuhi, Kuhani. Ningekwambia usingelala. Mtu asiyelala hutetemeka mikono, na mkono ukitetemeka mbele ya madhabahu ya Bwana, jambo hilo linakuwa letu sote. Nilikuwa nakulinda."

Alichosema kilikuwa kweli na kilikuwa kibaya papo hapo. Yekamia alivua joho la njuga, akavaa kanzu ya kitani ya kawaida na kilemba, akaagiza punda. Hasadia alimfuata chumba hadi chumba akimkumbusha kwamba haifai, kwamba Kuhani Mkuu hatoki patakatifu kufuata msiba.

"Msiba wa nani?" Yekamia aliuliza. "Umesema amezidiwa. Hukusema amekufa."

"Hajafa. Lakini mtu akizidiwa, Kuhani..."

"Basi ni mgonjwa. Sheria haijanikataza kumwona mgonjwa."

Hasadia akaenda kutafuta viatu vyake vya safari. Naara alileta mikate iliyofungwa kwa kitambaa, akasema Kuhani aende salama.

Hofu ya Hasadia haikuwa ya bure. Kuhani wa kawaida anaruhusiwa kumzika baba yake, mama yake na ndugu yake. Kuhani Mkuu haruhusiwi. Haruhusiwi kumkaribia maiti yeyote, hata wa tumbo lililomzaa, wala kuchana nguo yake, wala kuacha nywele timutimu kama wafiwa wengine. Roho ikitoka chini ya dari, kila aliye chini ya dari ile amenajisika. Kwa hiyo ilimbidi amfikie mama yake akiwa hai, na hata akimkuta hai, hakuna aliyejua angekuwa hai mpaka saa ngapi.

Yekamia alikuwa na neno moja la kumwuliza Zibia. Alikuwa amelibeba miaka mingi, na sasa aliona linaweza kumfia mikononi.

Ndugu yake mdogo, Asieli, alishikwa na homa mwanzoni mwa ukuhani wa Yekamia. Wote walikuwa kando ya kitanda, Zibia kichwani, Yekamia miguuni. Pumzi za Asieli zilipoanza kuachana, kuhani mzee mmoja akasema, "Anakata roho," na watu wakamshika Yekamia mikono wamtoe. Naye akatoka. Hakupigana nao, hakusema ngoja. Zibia akabaki na mkono wa mtoto wake mdogo, na mtoto wake mkubwa akawa barabarani na nguo safi. Siku ya maziko walimpangia kwa desturi yao: wachukuzi wa jeneza wakikata kona na kupotea ndipo yeye atokeze, na yeye akitokeza wao wawe wameshapotea kwenye kona ya mbele. Alimsindikiza Asieli hivyo, akifukuzana na kona za mji mpaka lango la Yerusalemu, na langoni wakamgeuza. Jeneza lenyewe hakuliona hata mara moja.

Baada ya hapo Zibia hakusema kitu. Alifunga unga, akapakia punda, akaenda Hebroni.

Kwenda Hebroni ilikuwa kazi yake halali, na ni kazi isiyo na mfano. Mtu aliyeua bila kukusudia hukimbilia mji wa makimbilio, kama Hebroni, na hukaa humo, ndugu za marehemu wakimvizia nje ya mpaka wamlipize damu, mpaka Kuhani Mkuu wa wakati huo afe. Siku Kuhani Mkuu akifa, wote hufunga mizigo wakarudi makwao na hakuna wa kuwagusa. Sasa hesabu mwenyewe ni watu wangapi wana sababu ya kupiga magoti kila asubuhi na kuomba afe. Akina mama wa makuhani wakuu si wajinga, na tangu zamani huwapelekea watu hao mikate na nguo, washibe, wapate joto, wasimwombee mtoto wa mtu mabaya.

Wengine hutuma watumishi. Zibia alikwenda mwenyewe, na kila alipokwenda alikaa zaidi, mpaka ikawa Yerusalemu ndiko anakopita na Hebroni ndiko anakoishi. Sikukuu akija, alimbusu Yekamia, akamwuliza kama anakula, akaondoka. Watu walimsifu Kuhani kwa kuwa na mama mwenye bidii namna ile. Yekamia alikubali sifa hizo na kuzimeza kama dawa chungu, kwa sababu yeye alijua: mama yake aliona afadhali akae na wauaji kuliko kukaa naye.

Njiani Hasadia alitangulia kwa miguu, akichungulia kulia na kushoto kutafuta makaburi. Makaburi hupakwa chokaa ili makuhani wayaone, lakini mvua zilikuwa zimepita na chokaa imechujuka. Mara mbili alipiga kelele punda asimame, na mara zote mbili lilikuwa jiwe tu. Mara ya tatu Yekamia akamwambia, "Hasadia, hilo ni kondoo," na Hasadia akasema ni heri kumkwepa kondoo kuliko kumkanyaga mfu. Jua likapita utosi kabla hawajaiona Hebroni.

Kwenye mawe ya mpaka alisimama mwanamume mwenye ndevu za mvi. Alisimama upande wa ndani, mbali kidogo na mawe, kama wanavyosimama wote wa pale.

"Karibu, Kuhani," alisema. "Tulikungoja."

"Mama yangu?"

"Yuko nyumbani. Anaongea kwa taabu, sauti haifiki nje. Mimi nitasimama mlangoni, nitamsikiliza na kukwambia." Alipomaliza kusema aligeuka kuongoza njia. Hakuja kumbusu bega mgeni wake, wala kumshikia punda. "Jina langu Refaya. Mtu wa Tekoa. Nilikuwa nasawazisha udongo juu ya dari ya jirani, lile jiwe la kuviringisha likanichoropoka, likamkuta mwenyewe chini. Nimekuja hapa mwaka wa pili wa ukuhani wako."

"Basi wewe unaningoja siku nyingi," alisema Yekamia.

"Sote tunakungoja, Kuhani. Si kwa ubaya."

Hasadia alikohoa kwa hasira. "Hivi ndivyo watu wanavyoongea na Kuhani Mkuu huku?"

"Huku watu husema wanachokifikiria, mzee wangu," alisema Refaya. "Hatuna pa kwenda kukificha."

Walipita katikati ya mji. Watu walikuwa wametoka mbele ya nyumba zao, wanaume kwa wanawake, na wote walikuwa kimya. Wanawake wengi walikuwa wamefunika vinywa kwa mitandio. Yekamia alizoea watu kunyamaza akipita, kwa hiyo hakushangaa. Kilichomshangaza ni kwamba hawakuinamisha vichwa. Walimtazama usoni, mpaka kwenye meno, na mzee mmoja mwenye gongo alimfuata hatua chache.

"Yekamia," alisema yule mzee. "Kile kikohozi cha majira ya baridi kimekwisha?"

Yekamia alisimamisha punda. Hakukumbuka lini mtu mgeni alimwita jina. "Kimekwisha, mzee."

"Haya," alisema mzee, akafuta macho kwa kiganja. "Haya, ndio vizuri."

Nyumba alimokaa Zibia ilikuwa mwisho wa kichochoro, na uani kulikuwa na mzabibu uliotambaa juu ya fito hadi ukashikana na dari. Kilikuwa kivuli kizuri na Yekamia alikuwa ameungua, lakini Hasadia alimkamata mkono wa kanzu kabla hajaingia.

"Usisogee hapo. Mzabibu umegusa dari. Dari na mzabibu ni kitu kimoja. Likitokea la kutokea humo ndani, nawe uko chini ya majani, umekwisha." Alipima kwa macho, akamsogeza Kuhani Mkuu hadi katikati ya ua, juani, akachora mstari mavumbini kwa kidole cha mguu. "Hapa. Usivuke."

Yekamia akasimama. Refaya akaenda kusimama mlangoni, nusu ndani nusu nje. Ndani mlikuwa na giza na vivuli vya wanawake, na harufu ya marashi, kwa kuwa wagonjwa hupakwa mafuta.

"Mwambie nimefika."

Refaya aliingiza kichwa, akakaa kidogo, akakitoa. "Anauliza umekula?"

"Nimekula."

Kichwa kikaingia, kikatoka. "Anasema muongo."

Yekamia alicheka. Kicheko kilimtoka kwa nguvu hata Hasadia akageuka kuona kuna nini. Alihisi bega lake likishuka, bega ambalo hakujua kwamba alikuwa amelipandisha tangu Yerusalemu.

"Mwambie ni kweli sijala. Mikate ya Naara ni migumu."

"Anasema Naara ana mikono ya kujifunza, umpe muda. Anasema umsifu hata kama meno yanauma."

"Nitamsifu." Alitaka Hasadia aende mbali, lakini Hasadia asingekwenda, hiyo ndiyo kazi yake. Basi akapiga moyo konde, akasema mbele yake. "Refaya, muulize juu ya Asieli. Muulize kama ana kinyongo na mimi kwa siku ile."

Refaya alimtazama Yekamia, kisha akaingia mzima mzima na kukaa ndani. Aliporudi alikaza macho chini, na maneno yake yalitoka polepole, moja moja, yamenyooka.

"Anasema hivi. Siku ile watu wote walimtazama Asieli. Mimi nilikutazama wewe. Ulitoka kinyumenyume. Walikuvuta na wewe ukakataa kumgeuzia ndugu yako mgongo, mpaka kizingiti kikakupiga kisigino. Walikuwa wamejaa chumba kizima na hakuna aliyeliona hilo ila mimi. Niwe na kinyongo na mtoto huyo? Ungekaa, ningekosa wawili kwa siku moja."

Yekamia aliangalia miguu yake. Alikuwa amesahau habari ya kizingiti, na sasa alikumbuka mpaka maumivu ya kisigino.

"Kwa nini basi alinikimbia?" alisema. Hakuwa anamwuliza Refaya tena, alikuwa anauliza mlango. "Kwa nini alikuja kukaa huku?"

Safari hii Refaya alikwenda na kurudi haraka. "Anasema Yerusalemu hakukuwa na mtu wa kuzungumza naye habari zako. Akitaja mwanawe, watu wanainama, wanasema Kuhani abarikiwe, mazungumzo yamekwisha. Huku kila mtu anauliza. Yekamia analala vizuri? Amenenepa au amekonda? Homa ilimshika siku ngapi? Anasema anajua sababu ya kuuliza kwetu, yeye si mtoto. Lakini mama hupenda kuulizwa hali ya mtoto wake, na sisi tuliuliza asubuhi na jioni."

"Mlikuwa mnaniombea nife."

"Mwanzoni, ndiyo," alisema Refaya. Sauti yake mwenyewe ilikuwa imerudi. "Niliomba sana. Nilikuwa na mke Tekoa, kijana, na kila siku niliyokaa hapa alikuwa anazeeka bila mimi. Mama yako alijua. Aliniletea mkate, akakaa hapo uliposimama, akanihadithia ulivyoanguka kisimani ukiwa mdogo ukatoka na chura mkononi. Kesho yake nikapiga magoti niombe, nikamwona yule chura. Ndugu yangu, ni vigumu kumwombea kifo mtu unayemjua chura wake."

Hasadia aliguna kwamba haya si mazungumzo. Alikuwa anatazama kivuli cha mzabibu, ambacho jua lilikuwa limekisogeza kuelekea kwenye mstari wake.

Koo la Yekamia lilikuwa limekauka kwa jua. "Refaya, naomba maji."

Karibu na mlango, miguuni pa Refaya, palikuwa na mtungi wenye kata yake. Refaya aliutazama ule mtungi. Kisha akapaza sauti juu ya ukuta. "Mama Hogla! Mletee Kuhani maji. Ya kwako, kutoka kwako."

Mwanamke wa nyumba ya pili akaja na bakuli. Alipofika usawa wa Refaya alijikunyata, akakusanya mtandio wake kwa mkono ili usimguse, akazunguka kwa mbali, akamfikishia Kuhani bakuli kwa mikono yote miwili bila kumtazama usoni.

"Mtungi uko miguuni pake anaagiza kwa jirani," Hasadia alinong'ona. "Sijapata kuona uvivu wa namna hii."

Yekamia alishika bakuli. Tangu anajua kutembea alifundishwa nani amgusa nani, na nani hagusi nini, na kwa sababu gani. Refaya hakumbusu bega mpakani. Hakushika kamba ya punda. Hakumpokea mzigo, hakumnawisha mikono, na sasa hakuthubutu kumpa maji, na jirani yake aliogopa hata nguo yake. Hakuwa mvivu wala hakuwa na chuki. Mtu anayekaa mbali namna hiyo na Kuhani Mkuu ametoka kugusa maiti.

Alikunywa maji. Yalikuwa ya baridi, akayanywa mpaka mwisho, kwa sababu bakuli lilimfunika uso.

Mama yake alikuwa amekufa. Alikuwa amekufa kabla hawajafika, na mji mzima ulijua, na mji mzima ulikuwa umefunika kinywa. Mtu yule alikuwa anaingiza kichwa katika chumba kisicho na wa kumjibu, akitoka na maneno ya Zibia aliyoyajua kwa miaka. Basi hata lile la Asieli lilikuwa huruma tu ya mgeni? Kisha akakumbuka kizingiti. Hakuna aliyemwona akitoka kinyumenyume ila Zibia, na Yekamia mwenyewe alikuwa amesahau. Lile Zibia alikuwa ameliacha, neno kwa neno, endapo angekuja na kuliuliza.

Alijua kitakachofuata uso wake ukibadilika. Hasadia angeona, angemkamata mkono, angemtoa, kama walivyomtoa siku ile. Lakini miaka yake ya kusimama mbele ya umati ilikuwa imemfundisha kitu kimoja, kuuweka uso mahali pake. Akauweka. Akamrudishia Mama Hogla bakuli, akageukia mlango.

"Muulize kama anasikia maumivu."

Refaya alimtazama kwa makini, na Yekamia akamtazama vilevile, na hapo kila mmoja akajua kwamba mwenzake anajua. Refaya hakuingiza kichwa tena.

"Hapana," alisema. "Sasa hivi hana maumivu hata kidogo."

"Amelala vizuri?"

"Vizuri sana. Wanawake wamemwosha, wamemvika nguo safi, ile ya sikukuu. Wamemsuka."

"Nani alimshika mkono?"

"Mimi," alisema Refaya. "Usiku kucha. Hakuwa peke yake, Yekamia."

Usiku kucha. Usiku ule ule ambao Hasadia alikaa na habari mfukoni ili Kuhani alale. Yekamia alimgeukia naibu wake, akaitafuta hasira aliyostahili kuwa nayo. Alimwona mtu mfupi amepiga magoti juani, akichora mstari mpya mavumbini maana kivuli kilikuwa kinasogea. Hasira haikuja. Ulikuja uchovu tu, na uchovu ule hakuwa na mtu wa kumgawia.

"Kuhani, sogea nyuma kidogo," alisema Hasadia. "Halafu tuondoke. Umemwona, ameongea, tumshukuru Mungu. Tukichelewa tutapita makaburini gizani."

"Neno moja." Yekamia alisogea nusu hatua kuelekea mlangoni, mpaka ncha ya kiatu ikagusa mstari. "Muulize nirudi lini."

Refaya alishika mwimo wa mlango. Alikuwa mtu mzima, kichwa kizima mvi, na Tekoa haikuwa mbali. Siku za mawingu machache alikuwa anaviona vilima vyake akiwa juu ya dari. Njia yake ya kurudi nyumbani ilikuwa moja tu, na ilikuwa imesimama mbele yake juani ikiwa na kilemba kichwani.

"Anasema usirudi," alisema. "Anasema kaa kwako. Kula, lala, jikinge na baridi. Uishi sana, Yekamia. Uishi mpaka uzeeke."

"Ni yeye anayesema?"

"Hili nalisema mimi," alisema Refaya.

Yekamia aliinua mikono miwili, kama anavyoiinua anapowabariki watu Hekaluni, lakini maneno ya baraka hayakuja. Akaiacha juu kwa muda, mbele ya mlango ule wenye giza, akaishusha. Kisha akapanda punda.

Walipita tena katikati ya watu waliofunika vinywa. Mtoto mmoja alianza kulia na mama yake akamziba mdomo kwa kiganja. Hakuna aliyesema kwaheri. Hasadia alikuwa amechangamka, akamwambia punda maneno mazuri, akamwambia Kuhani kwamba wazee wa siku hizi wagumu, utaona, sikukuu ijayo Mama atakuwa Yerusalemu anapika, hivi hukusikia alivyotania juu ya mikate? Mtu wa kufa hatanii. Yekamia alisema ni kweli, mtu wa kufa hatanii.

Wakapita mawe ya mpaka. Barabara ikashuka, ikakata kona nyuma ya mizeituni, na mji ukapotea.

Hapo ndipo sauti ilipotoka. Ilianza na mwanamke mmoja, ikashikwa na wengine, na mara Hebroni nzima ikapasuka kwa kilio walichokizuia tangu alfajiri. Punda alisimamisha masikio. Hasadia akasimama, akageuka, mkono sikioni. Sauti za wanaume zilizidi za wanawake, sauti nzito za watu wazima wanaomlilia Zibia, na hakuna hata mmoja wao aliyekuwa ndugu yake.

"Kuna msiba mjini," alisema Hasadia. "Unasikia? Nani huyo amekufa?"

Yekamia alikuwa na kilemba kichwani kimenyooka na nguo nzima mwilini, isiyochanika. Mikono yake ilikuwa imeshika kamba.

"Hebroni ina watu wengi," alisema. "Tangulia, Hasadia, uangalie njia."